Kanga ya Kisutu Haikuwa Yangu

Nianze na kosa lenyewe, msije mkanionea huruma kabla ya wakati. Nilichukua siri ya rafiki yangu nikaifanya filamu. Halafu nilipopewa nafasi ya kuizima, nikaichochea. Aliyeumia zaidi ni dada yake, ambaye hakuwahi kunikosea chochote.

Jina langu liacheni. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nakaa Kinondoni, wazazi wangu walikuja kutoka Tabora. Ni Mnyamwezi. Hilo nalitaja kwa sababu rafiki yangu, nitamwita Shomari, ni Mzaramo wa Pugu, na Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Kwao sikuwa napiga hodi. Mama yake, Mungu amrehemu, akiniona tu kwa mbali anapaza sauti, "Fungieni kuku, mbeba mizigo huyo kaja!" Namjibu kwamba mizigo ni kweli nimebeba, ila sijaona bado Mzaramo aliyebeba hata jembe. Anacheka mpaka anatafuta pa kukaa.

Alipofariki, nilifanya kazi ya mtani. Nilivaa kanga zake, nikashika mwiko, nikawa nawafokea wakwe zake kwa sauti yake. Watu walikuwa hawajatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Walicheka, wakala. Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani, na siku ile niliifanya vizuri. Naikumbuka kwa sababu ndiyo mara ya mwisho kuvaa cha mtu nikiwa na haki nacho.

Siku hiyo hiyo alifika Mwanahawa, mdogo wake Shomari, kutoka Morogoro. Alikuwa hajakanyaga Pugu miaka tisa. Aliondoka siku mbili kabla ya ndoa yake na binamu yake, mchele umeshachambuliwa, wageni wameshafika, aibu yote akamwachia mama. Tangu hapo mama hakumtaja tena. Msibani hakuthubutu kuingia ndani, alikaa nje na watu wa mbali, karibu na tangi la maji.

Nilimwona Shomari akimfuata na kanga ya kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe wanayovalishwa maharusi. Alichomwambia sikukisikia. Nilichoona ni Mwanahawa akijifunika uso kwa ile kanga na kulia. Baadaye akainuka, akaingia ndani kukaa na shangazi zake.

Mwaka uliofuata Shomari alinieleza. Mama hakusamehe. Siku ya mwisho, walipomwambia Mwanahawa yuko kwenye simu, aligeukia ukutani akasema, "Simjui mtu huyo." Ile kanga Shomari aliitoa mwenyewe kwenye sanduku la marehemu. Akamwambia dada yake, "Mama kakuwekea hii. Kasema amekosa siku ya kukuvalisha tu."

"Nimemzulia mama maneno, mtani wangu," aliniambia. "We ndo wa kwanza kujua na we ndo wa mwisho. Nimekosea?"

Nikamwambia hapana, hujakosea. Na siku ile nilimaanisha.

Sasa, sisi tulikuwa na kikundi chetu cha Jumamosi, watu kama kumi, tunasoma riwaya na miswada ya filamu. Tukimaliza kusoma tunabishana. Baba anayeiba dawa ya mwanawe ni mwizi? Shahidi akimficha ndugu yake mahakamani amefanya jema au baya? Niliyapenda maswali yale sana, na kusema kweli nilipenda zaidi kushinda. Tulipofika kwenye uongo wa huruma, nikasimama upande wa ukweli. Nilisema mtu anayefichwa ukweli anafanywa mtoto mdogo. Wenzangu walijaribu kupinga, nikawamaliza kwa maneno. Kwa Shomari nilisema hili, kikundini nikasema lile, wala sikuona haya.

Mmoja wetu anatengeneza filamu fupi. Akaniambia, "Mwalimu, hiyo hoja yako iandikie filamu." Nikaandika, na kisa nilichokitumia ni kile cha Shomari.

Nilibadilisha karibu kila kitu. Pugu ikawa Tanga. Kaka nikamfanya shangazi. Ugonjwa wa mama nikaugeuza. Lakini kanga ya kisutu nilishindwa kuiacha. Nilijaribu kuweka pete, nikajaribu barua, yote yakaonekana ya kutunga. Nikairudisha kanga, na maneno yake nayo nikayarudisha yalivyo: amekosa siku ya kukuvalisha tu. Nikajiambia mimi ni mtani, mtani ana ruhusa ya kusema lolote juu ya marehemu na hakuna wa kumkasirikia. Nilijisahaulisha kwamba ruhusa ile ni ya msibani, mbele ya wafiwa, wanakuona na wanakusikia.

Mwisho wa filamu, binti anaambiwa ukweli. Analia sana, anakwenda kaburini, anamsamehe mama yake, anatabasamu. Tulipoionyesha kwenye ukumbi mdogo watu walipiga makofi. Ikawekwa mtandaoni. Shomari sikumwambia, na nilijua kabisa kwa nini simwambii.

Wakati huo Mwanahawa alikuwa amesharudi Pugu na wanawe. Alikuwa anaishi kwenye nyumba ya mama, anafagia kaburi kila Ijumaa. Mwanawe wa mwisho alimbebea kwenye ile kisutu. Akiumwa anajifunika hiyo hiyo. Haya yote nilikuwa nayajua.

Jumapili moja mchana nilikuwa barazani nasahihisha madaftari. Akaja peke yake.

"Mtani, nimeiona filamu yako."

"Nzuri eeh?" nikasema. Mpumbavu mimi.

Alivuta kiti akakaa. "Kaka Shomari nikimuuliza atanificha, namjua. Wewe ni mtani, mtani hanionei aibu. Niambie. Mama alisema au hakusema?"

Hapa ndipo napaota mpaka leo. Jibu lilikuwepo, jepesi, na lilikuwa la kwangu kwa haki kabisa. Ningemwambia, "Nyie Wazaramo nanyi, kila filamu mnajiona nyie! Nimeiba kisutu yenu nimeipeleka Tanga, nishtakini." Angenitukana, angecheka, angerudi nyumbani kwa mama yake. Utani ndio ulikuwa wa kutumika pale. Kwenye filamu niliuingiza usipotakiwa, na hapa ulipotakiwa nikauweka pembeni.

Nikasema, "Hakusema, Mwanahawa."

"Alisema nini?"

Na hapo bado ningeweza kunyamaza. Nikamwambia. Simjui mtu huyo. Nikaendelea, jamani, nikaanza kumweleza kwamba ukweli unamweka mtu huru, kwamba Shomari alifanya kwa upendo lakini yeye ana haki ya kujua. Maneno yale yale ya Jumamosi. Nilikuwa naongea na mwanamke anayefiwa na mama yake mara ya pili mbele yangu, na mimi natoa hoja.

Hakulia. Kwenye muswada nilimwandikia kurasa mbili za kulia, yeye hakutoa hata chozi. Aliuliza tu, "Kwa hiyo miaka yote hii naishi kwenye nyumba ya mtu asiyenijua?"

Akafungua mkoba, akatoa ile kanga, imekunjwa vizuri, akaiweka juu ya madaftari ya wanafunzi wangu.

"Mrudishie mwenyewe," akasema, akaondoka.

Mwezi haukuisha akarudi Morogoro na watoto. Nyumba ya Pugu imefungwa. Kaburi sasa anafagia Shomari, akipata nafasi.

Shomari alikuja kwangu mara moja tu. Alisimama mlangoni, hakukaa. Nilitegemea anipige, na ningeshukuru angenipiga.

"Mtani anachekesha msibani ili watu wapate kula," akaniambia. "Wewe na filamu yako umemlisha nani?"

Filamu tuliiondoa. Imesaidia nini? Ile kanga nilimpelekea, akakataa kuipokea. Akasema si yake. Ninayo kabatini, na sijui mwenyewe wa kurudishiwa ni nani.

Wenzangu mnaoandika, na nyie mnaopenda kubishana juu ya mema na mabaya kwenye vitabu, nawaomba sana. Ukiona siri ya mtu ni nzuri mno mpaka unashindwa kuiacha, muulize mwenyewe kwanza, na akikataa iache. Na mtu mwenye kidonda akija kukuuliza swali, usimjibu kama mko kwenye mjadala. Mimi mpaka leo sijui kama uongo wa Shomari ulikuwa dhambi. Najua tu kwamba watoto wa Mwanahawa walikuwa wanalala vizuri chini ya uongo ule.

Mwezi uliopita ilikuwa hitima ya mama pale Pugu. Nilikwenda, kwa sababu kutokwenda kungekuwa kubaya zaidi. Kanga niliibeba kwenye mfuko, labda Mwanahawa atakuja. Hakuja. Mlangoni alikaa shangazi yake Shomari, yule ambaye kwa miaka yote hajawahi kuniacha nimalize kumwamkia. Siku zote, kabla sijafika, huwa ameshatangaza kuku wafungiwe.

Nikapunguza mwendo, nikamsubiri aseme.

Hakusema kitu. Nikajikuta namwambia, "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwalimu," akaitikia kwa adabu, akanisogezea kiti upande wa wageni. "Karibu ukae. Watakuletea chai."