Daktari wa Macho

Dada yangu hajawahi kutibu jicho la mtu hata siku moja. Naanza na hilo kwa sababu kwa miaka tisa mtaa wetu mzima uliamini kwamba ni daktari wa macho, na aliyewaaminisha ni baba.

Baba ni fundi cherehani. Dada alisomea udaktari kwenye meza aliyotengenezewa na Fundi Randa, seremala wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, mwenzake baba wa drafti na wa kubishana. Alama za dada zilimruhusu kuchagua atakalo, na walimu walitaka awe mpasuaji. Lakini mwaka wa mwisho wanafunzi walizungushwa wodi zote, na kwenye wodi ya akili alimkuta mwalimu wa hesabu aliyeletwa amefungwa kamba nyuma ya pikapu. Baada ya wiki tano mwalimu yule aliondoka kwa miguu yake, akafika getini, akarudi kumpa muuguzi kalamu aliyoiazima. Dada akaja nyumbani akasema ameshachagua.

Baba aliacha kula. Aliuliza kama miaka yote ile ya kukanyaga cherehani ilikuwa ili mwanawe akaishi na vichaa. Mama yeye aliwaza nani atakuja kuposa. Dada akawaambia taratibu kwamba meno yana daktari, hata ng'ombe ana wake, ila mtu akiugua akili anafungiwa chumba cha uani na ndugu zake wanasema amesafiri. Kesho yake mteja alipouliza binti anasomea nini, baba alisema, "Macho," pini zikiwa mdomoni, bila hata kufikiri.

Dada alipojua, baba alimwomba amsitiri.

"Uongo sitasema, baba," alisema. "Ila sitakuumbua mbele za watu."

Nampenda dada yangu, lakini hapo alikosea, na naye anajua.

Ikawa kichekesho cha nyumbani. Wazee wa mtaa waliletwa hospitalini kwake wana mtoto wa jicho, dada akawashika mkono hadi kwa mwenzake wa macho ghorofa ya pili, kisha akashuka kwenda kwenye jengo lake mwenyewe, lile la nyuma karibu na chumba cha kufulia, rangi imebambuka, madirisha yana nondo. Humo ndimo alimokuwa akirudisha watu duniani, mmoja mmoja. Shukrani za macho zilimfikia baba, naye akazipokea zote.

Mwaka jana, siku ya Jumanne, Fundi Randa aliingia chumba chetu cha kushonea mchana. Hakugusa drafti. Alikuwa amekonda, shati limening'inia kama la kuazima. Alimsogelea baba akasema kwa sauti ya chini kwamba ni siku ya tisa hajapata usingizi, na kwamba akisimama peke yake karakanani anajiwa na mawazo ambayo hayapendi.

"Huyu binti yetu," akasema, "pale kwao hakuna mtu wa mambo ya kichwa? Nimwone kimya kimya."

Kulikuwa na wateja wawili wakisubiri. Hilo ndilo baba analojitetea nalo hadi leo. Mimi nasema sababu ni nyingine: rafiki yake huyo pia alikuwa amedanganywa miaka tisa, na kumwambia ukweli siku ile kungekuwa kukiri yote.

"Huyu wetu ni wa macho tu," baba akasema. "Wewe punguza mawazo, upumzike."

Nilikuwa hatua mbili kutoka pale, natia vifungo sare za shule. Niliinua kichwa. Baba akanitazama, nami nikakiinamisha. Nilijiambia nitamweleza dada Jumapili akija kula. Simu ilikuwa mfukoni mwangu muda wote huo.

Jumapili asubuhi walimkuta Fundi Randa karakanani mwake, amejiondolea uhai.

Msibani watu walinong'ona kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilitamani kuwazaba makofi. Yule mtu hakuficha. Alivaa viatu akaja kwetu akasema. Waliokuwa wakificha tulikuwa sisi, tumekaa mstari wa mbele pamoja na wafiwa.

Dada alikaa karibu na mjane akimshika mkono. Mjane akamtazama, macho yamevimba.

"Laiti ungesomea mambo ya kichwa, mwanangu," alisema. "Jumanne alikwenda kumuuliza baba yako kama mnaye mtu huko."

Dada aligeuka kumtazama baba. Baba alikuwa anatazama viatu vyake. Kisha akanitazama mimi, na nadhani uso wangu ulisema yaliyobaki. Angeweza kunyamaza, na yule mama angeepuka uchungu mmoja. Lakini alikuwa ameshanyamaza miaka tisa.

"Mama," alisema, "mimi ni daktari wa magonjwa ya akili. Macho sijawahi kuyatibu."

Mjane hakupiga kelele. Aliutoa mkono wake mkononi mwa dada, polepole, akaufunika kwa kanga.

"Nyumba tatu tu kutoka kwangu," alisema. Hajasema nasi neno jingine tangu siku hiyo.

Dada haji tena kula Jumapili. Baba anashona, drafti iko juu ya kabati na vumbi lake. Wiki iliyopita mama mmoja aliyeleta gauni la kupunguzwa aliiona picha ya mahafali ukutani, akauliza binti yule ni daktari wa nini. Baba alifungua mdomo. Nikamuwahi.

"Wa magonjwa ya akili," nilisema. "Yupo jengo la nyuma, karibu na chumba cha kufulia."

Yule mama alitazama mlangoni kuona kama kuna mtu. Kisha akavuta kiti karibu na changu, akashusha sauti, akauliza siku zipi anapatikana, na kama mtu anaweza kumwona kimya kimya. Cherehani ya baba ikasimama.