Jina Katika Kompyuta ya Marehemu

Miaka ile ya soko huria, kompyuta za mitumba zilipoanza kufika Kusini, nilikuwa fundi Masasi, na udadisi wangu ulizidi ufundi wangu. Siku moja mama mmoja mwenye duka la kuchapa Newala akaniita. Kompyuta aliyoachiwa na marehemu mumewe ilikuwa inawaka, inafika nusu, inajizima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, fundi. Kazi za wateja zikipotea nitachapa upya. Ila humo mna hadithi za Kimakonde alizoandika baba watoto miaka yote ya ualimu wake. Nakala nyingine sina. Hizo usinipotezee."

Dawa ilikuwa kupiga windo upya, yaani kuusimika upya mfumo unaoendesha mashine. Nikatoa sidii yangu ya kunakili na namba ya leseni ambayo mafundi wote tuliijua kwa kichwa. Mama akanizuia.

"Hii ina leseni yake. Duka langu lina leseni ukutani, nayo iwe na yake."

Akaleta sidii halisi iliyoviringishwa kwenye kipande cha kanga, akapangusa vumbi jekundu ubavuni mwa mashine mpaka stika yenye namba ya leseni ikaonekana. Nilicheka, lakini nikaisoma herufi moja moja, yeye akinimulikia tochi. Ikakubali papo hapo. Nikawa najiuliza namba hizo hutungwa na nani, na huyo mtu Newala anaijua?

Sikufuta kitu. Niliweka mfumo mpya juu ya ule wa zamani. Ukauliza jina la mwenye mashine, mama akataja jina la mumewe, lile alilojulikana nalo mji mzima. Nikaliandika. Kompyuta ikawaka vizuri, tukafungua sehemu ya hadithi. Tupu.

Mama alikaa sakafuni. Kitumbua kilikuwa kimeingia mchanga, tena kitumbua cha marehemu. Lakini diski ilionyesha imejaa karibu yote. Imejaa nini? Swali hilo lilinirudisha kitini. Mfumo humfungulia kila jina folda yake; nikapekua mpaka nikakuta ya mtumiaji wa zamani, yenye jina geni kabisa.

"Huyo nani?" mama aliuliza kwa ukali. "Alikuwa anaandika na nani humu?"

Wifi yake, dada mkubwa wa marehemu, alikuwa amekuja kutoka Makote, anabangua korosho uani. Tukamwita. Alipotazama kioo aliziba mdomo.

"Hili nani kawapa? Ni jina lake la utotoni. Alipotoka jandoni alipewa jipya, hili likaachwa huko huko. Kumwita mtu mzima kwa jina hilo ni kumtukana. Tangu siku ile sijalitamka."

Mama, aliyeolewa kutoka Lisekese, kule kwetu Masasi, hakuwahi kulisikia. Nikafungua folda, na hadithi zote zilikuwamo. Lakini akili yangu iliganda kwenye jina. Siku ya kwanza mashine ilimuuliza yeye ni nani, akiwa peke yake, bila mtu wa kumwonea haya, na mwalimu mzima yule akajibu hivyo.

"Nilibadilishe?" niliuliza.

"Liache," mama alijibu.

Akasimama, akalisoma tena, kisha akamwita mumewe kwa jina hilo, taratibu. Nilidhani wifi yake atafoka. Alimsogelea tu, akamrekebisha matamshi, kisha naye akamwita mdogo wake kwa jina hilo.