Shati la Namba Kumi na Saba

Inatangazwa kwa walimwengu wote, walio na akili timamu na wanaoendelea kuzitafuta, kwamba ugonjwa wa kusahau, uliowatoa jasho mabingwa wa mabara yote, ulipatiwa dawa katika chumba namba nne cha kituo cha utafiti wa ubongo, ghorofa ya pili, mkabala na choo kibovu. Dawa hiyo ilifanya kazi miezi saba. Haikutoka kwenye chupa wala kwenye sindano ya daktari. Ilitoka kwenye cherehani ya Bi Pindo.

Bi Pindo ni fundi nguo wa miaka sitini na miwili. Jina alipewa na wateja kwa sababu ya mapindo yake: ukitafuta uzi ulipopita utaondoka na macho mekundu. Anashonea sebuleni kwake, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, na mdomoni huwa na pini nne au tano. Majirani husema hawajawahi kumsikia akisema uongo. Si uadilifu, ni kukosa nafasi.

Mumewe ni Mzee Rula, na huyo ndiye mwadilifu halisi. Alisimamia mitihani miaka thelathini na mmoja. Watahiniwa walimjia na majibu kwenye soksi, ndani ya kofia, chini ya bandeji ya kidonda kisichokuwepo, na wote aliwanasa. Hakuwa akipiga kelele. Alikuwa anakwenda kusimama nyuma ya kiti chako, anapumua. Ukihesabu pumzi tatu, unajitaja mwenyewe.

Kisha ubongo wake ukaanza kumkimbia. Daktari alieleza kwamba chembe za ubongo zinakufa kidogo kidogo na hazioti nyingine, na dawa ya kuzizuia zisife bado inatafutwa. Bahati nzuri, kituo cha utafiti kilikuwa kinataka wagonjwa arobaini wa kujaribia dawa mpya. Nusu wangemeza dawa yenyewe, nusu wangemeza vidonge vitupu vinavyofanana nayo kama pacha, na hakuna ambaye angejua nani anameza nini, Profesa mwenyewe akiwemo. Mzee Rula akaandikishwa. Akawa Namba Kumi na Saba.

Siku ya kwanza, muuguzi aliyempokea alikuwa mwanafunzi wake wa zamani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umechelewa."

Muuguzi akacheka, akamsomea maneno kumi. Baada ya dakika kumi akamwomba ayataje.

"Daraja," akasema Mzee Rula. "Ndizi." Akatazama dari. "Na yale mengine."

"Yapi, Mwalimu?"

"Yale mengine yote."

Muuguzi akaandika mbili. Aliandika polepole na kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomchoma Bi Pindo, aliyekuwa amekaa pembeni kama msindikizaji. Aliona aibu ya mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Tena ilizidi hiyo, maana aliyevuliwa hakuwa yeye.

Njiani kurudi nyumbani alikuwa ameyashika yale maneno yote kumi, na safari ya pili akayashika mengine kumi, kisha, kwa kuchungulia faili la muuguzi, akagundua kwamba orodha za kituo ni hizo mbili tu, zinapokezana. Mtu anayekumbuka viuno vya mtaa mzima bila daftari hashindwi na maneno ishirini. Akashona mashati mawili, la bluu kwa orodha ya kwanza na jeupe kwa ya pili. Ndani ya pindo la mkono wa kushoto akatarizi maneno kwa herufi ndogo. Alitarizi tisa tu. La kumi aliliacha makusudi, kwa kuwa kazi ikipendeza mno watu huanza kuulizia fundi.

"Mwalimu, nikikohoa, funua hapa," akamwambia mumewe.

"Kuna nini?"

"Kuna maneno."

"Ya nani?"

"Yako."

"Basi sawa," akasema Mzee Rula, kwa sababu kusoma alikuwa bado anasoma.

Safari ya tatu akapata tisa kwa kumi. Ya nne, tisa. Ya tano, tisa. Mwezi hadi mwezi, tisa. Profesa, mwanamke mwembamba aliyeutumikia ubongo wa watu mpaka akasahau kula, alibandika mchoro ukutani: mistari thelathini na tisa inateremka, mmoja unapanda kama mbuzi jabalini. Kwenye ripoti aliandika kwamba mhusika hugusa mkono wa shati kabla ya kujibu, na kwamba huenda hiyo ni dalili ya mishipa ya fahamu kufungua njia mpya. Hakutakiwa kujua Namba Kumi na Saba anameza nini, lakini alikwisha kujipa jibu. Akapanga kuwaongezea wagonjwa wote dozi. Akaalika na wageni wanne wenye suti, waje washuhudie kwa macho yao.

Asubuhi ya wageni, Bi Pindo alikaa kwenye benchi la kusubiria karibu na mke wa dereva. Mume wa huyu aliendesha malori maisha yake yote, na sasa alikuwa Namba Kumi na Nane.

"Dada, nikuulize, usiniudhikie," mke wa dereva akanong'ona. "Mwenzangu, unampaje?"

"Nampaje nini?"

"Vidonge. Kabla ya kula, baada ya kula, na maziwa? Maana wangu hata jina la mwanawe limekwenda. Nadhani ni mimi. Kuna siku mbili nilichelewa kumpa, nikasema haina neno. Siku mbili tu, dada! Sasa wako anapanda, wangu anazama."

Bi Pindo alitaka kusema ukweli. Siku hiyo hakuwa na pini mdomoni, nafasi ilikuwepo tele.

"Baada ya kula," akajibu.

"Na maji mengi?"

"Mengi."

Mke wa dereva akatoa kalamu, akaandika kwenye kiganja: *baada ya kula, maji mengi*. Bi Pindo alikitazama kile kiganja mpaka jina la mumewe lilipoitwa.

Chumba namba nne kilikuwa kimepangwa upya kwa heshima ya wageni. Kila mmoja alikuwa na meza yake, karatasi yake imelazwa kifudifudi, kalamu yake. Muuguzi alisoma maneno, dakika kumi zikapita, akasema, "Haya Mwalimu, tutajie."

Bi Pindo akakohoa. Mzee Rula alikuwa anazitazama zile meza. Akakohoa tena, mgeni mmoja akamsogezea glasi ya maji. Alipokohoa mara ya tatu, Mzee Rula akafunua pindo la shati la bluu, akasoma. Shingo yake ikanyooka.

"Kalamu chini," akasema.

Wale wageni, watu wenye shahada za kujaza ukuta mzima, wakaweka kalamu chini.

Mzee Rula akafungua vifungo kimoja kimoja, akavua shati, akabaki na fulana iliyotoboka kwapani na mbavu zake zote hadharani. Akalitandaza shati mezani, mkono nje-ndani.

"Majibu," akatangaza. "Yametariziwa kwa uzi. Kazi safi, sijapata kuona. Mwenye shati hili asimame."

Hakuna aliyesimama. Akaanza kuzunguka. Akasimama nyuma ya mgeni wa kwanza, akapumua. Akaenda kwa wa pili, wa tatu, wa nne. Akapumua nyuma ya Profesa, ambaye alifumba macho. Mwisho akafika nyuma ya Bi Pindo. Pumzi ya kwanza. Bi Pindo alinusa sabuni aliyomwogesha nayo alfajiri. Ya pili.

"Ni mimi."

"Kwa sauti."

"Ni mimi, Mwalimu. Nimeshona mimi. Hilo na jeupe lililoko nyumbani. Alama zote ni zangu."

"Mtu mzima na umri wako huo," Mzee Rula akasema, na hakukuwa na hasira sautini, masikitiko tu. "Huoni aibu?"

"Naona."

Muuguzi akavua koti lake jeupe, akamfunika mabegani. Wageni wakajikusanya na suti zao, mmoja akidai ana simu ya kupiga. Profesa alikwenda ukutani akauchomoa ule mchoro, pini moja baada ya nyingine, bila kumtazama mtu.

Bi Pindo alitoka mpaka kwenye benchi. Hakuna aliyemtuma.

"Futa hiyo," akamwambia mke wa dereva. "Si wewe. Hukukosea kitu. Wangu hajapona, nilikuwa namwibia majibu."

"Miezi yote hiyo?"

"Yote."

Mke wa dereva alimtazama juu mpaka chini. "Mwanamke wewe," akasema, basi. Akalamba kidole gumba, akaanza kusugua kiganja.

Bi Pindo aliporudi ndani, Profesa alikuwa amekaa na fomu mpya ya msindikizaji, ile ya maswali arobaini, ambayo Bi Pindo alikuwa ameijaza kila safari kwa mwandiko mzuri na uongo mtupu. Alitegemea kufukuzwa. Profesa akajiweka sawa kitini, akakohoa kidogo, akaanza kwa sauti ya kuhutubia mkutano.

"Bibi, alama zake nimezifuta. Ila ujue hivi: ugonjwa huu tunaujua kidogo sana, na hicho kidogo tunakijua kwa sababu kuna watu wanaotuambia yanayotokea nyumbani mlango ukishafungwa. Jibu lako moja la kweli lina uzito kuliko mashine zote za jengo hili. Kwa niaba ya sayansi, na kwa niaba ya wagonjwa ambao hawajazaliwa, nakuomba tuanze upya." Akachukua kalamu. "Swali la kwanza. Mgonjwa anamtambua mke wake wakati wote, mara chache, au hapana?"

Bi Pindo alikuwa na shati la bluu magotini.

"Hapana," akasema. "Ananijua kama fundi. Jana kaniuliza duka nafunga saa ngapi."