Kilichomtoa Zakaria Kitandani

Iko asubuhi moja ya masika, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hucheka peke yangu mpaka wajukuu wananitazama. Nilikuwa kijana, nimerudi likizo kutoka chuo kikuu huko Uganda, na kila jambo nililihoji. Mchungaji akisali, nauliza anatafuta nini. Shangazi akiniletea viazi kutoka kijijini Yakobi, nauliza anatafuta nini. Mama alikuwa akisema, "Huyu hata ukimwambia kumekucha, atatoka nje kuhakikisha."

Kwa kuwa nilijua Kiingereza, Boma la Njombe walinipa kazi ya ukalimani barazani. Bwana Shauri, ofisa wa serikali aliyesikiliza kesi, alikuwa Mwingereza mgeni, kijana kama mimi, na Kiswahili chake kilitosha kuombea maji ya kunawa tu.

Siku hiyo waliletwa majirani wawili wa Kifanya. Asheri, mgema wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, alimshtaki Zakaria kwa wizi. Asheri alikuwa amekwenda Makambako kumwona dada yake mgonjwa, akakwama huko kwa sababu malori yalishindwa na tope. Aliporudi alfajiri alimkuta Zakaria ndani ya mianzi yake, kisu mkononi, na mbeta, kile kipande cha mwanzi cha kukingia ulanzi, imejaa. Jambo lilikuwa zito maana Zakaria alikuwa mzee wa kanisa, na watu walijua hanywi. Tena wawili hao walikuwa hawasemezani tangu nguruwe wa Zakaria alipofukua viazi vya Asheri. Akipatikana na hatia angefungwa, na mahindi yake yalikuwa yanangoja palizi.

Bwana Shauri akataka kujua motive ya mshtakiwa. Nikafasiri haraka bila kufikiri.

"Nia yako ilikuwa nini?"

"Kuokoa mianzi," akasema Zakaria. "Mwanzi mchanga usipokatwa ncha asubuhi na jioni hukauka, na ulanzi wake umekwisha. Kwetu jirani akisafiri, unamkatia. Nani asiyejua?"

"Unakatiwa na rafiki!" Asheri akaruka. "Wewe hata salamu ya kamwene hunipi!"

Bwana Shauri akatikisa kichwa. Akaniambia kwamba mzee amejibu alichotaka kufanya, na yeye anauliza kilichomsukuma. Hapo nikasita. Chuoni tulikuwa tumeyabishania maneno hayo mpaka koo zikakauka: intention ni lile unalokusudia kufanya, motive ni kile kinachokusukuma kutoka ndani, na incentive ni kile kilicho mbele yako kinachokuvuta. Niliyajua vizuri, lakini kwenye vitabu. Na moyoni nilikuwa na jibu tayari, kwamba Zakaria ana kinyongo cha ule ugomvi wa nguruwe na alikwenda kulipiza. Nililipenda jibu hilo. Lingethibitisha nilichokuwa nikiwaambia watu wote, kwamba ukimkwangua mtu mwema kidogo tu, utakuta hila.

"Mzee Zakaria," nikasema, "Bwana Shauri anauliza nini kilikutoa kitandani kwenye baridi ile, kwa ajili ya mtu mliyegombana naye."

Zakaria akatazama miguu yake. Bwana Shauri akashika kalamu.

"Sema, mzee," nikamnong'oneza. "Ukinyamaza watakufunga."

"Ni aibu, mwanangu."

"Sema tu."

"Sikuwa na mtu wa kucheka naye," akasema. "Tangu shauri la yule nguruwe. Mke wangu ni mtu mzuri sana, lakini hacheki. Nikitaka kumwomba Asheri radhi, mdomo unagoma. Nikasema, nitamtunzia mianzi, akirudi ataona mwenyewe."

Nikafasiri. Bwana Shauri akaweka kalamu chini. Ningeishia hapo, lakini ulimi wangu haukuzoea kutulia.

"Na hakuna kingine kilichokuvuta?"

Zakaria akafumba macho. "Nilionja."

"Kiasi gani?" Asheri akadakia.

"Kidogo."

"Kidogo cha mzee wa kanisa, au kidogo cha Zakaria ninayemjua mimi?"

Baraza zima likacheka, hata askari wa mlangoni akaficha uso kwa kofia. Asheri mwenyewe alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akasema anaondoa mashtaka, ila nguruwe afungwe kamba. Niliwaona wakishika njia ya Kifanya pamoja, Zakaria akiapa kwamba ulanzi wa mwaka ule ulikuwa mwepesi, na Asheri akimwuliza amejuaje.

Mimi nilibaki nimeduwaa. Nilidhani nikimchimba mtu nitakuta ama wema mtupu ama ubaya mtupu. Nilikuta upweke, aibu na kiu vimekaa pamoja, na kazi njema imefanyika vilevile.

Najua nawe una ulimi wa kuuliza kama wangu; basi endelea kuuliza, mwanangu. Mimi mpaka leo sijaacha. Lakini unapomwuliza mtu kwa nini, usiwe umeshamjibia moyoni. Anachokusudia, kinachomsukuma na kinachomvuta ni mambo matatu. Mpe nafasi aseme kila moja kwa wakati wake, na usiogope kama hayafanani. Na wewe mwenyewe, ukiona jema la kufanya, usingoje kwanza moyo wako utakate kabisa. Utazeeka ukingoja. Lifanye hivyohivyo, na sababu zako zilizochanganyika.

Mungu akulinde barabarani na nyumbani, akupe majirani wenye subira, na kila anayekutazama akudhanie mema.