Tarehe ya Kurudi ya Mama Bénite

Kwenye paji la uso la Kaswera kulikuwa na mfereji mwembamba, alama ya kamba ya mizigo. Kwa miaka thelathini alibeba viazi mgongoni kutoka Musienene hadi sokoni Butembo, na kwa viazi hivyo akamsomesha binti yake Bénite mpaka Ulaya. Mwaka 2001 habari ikafika parokiani kwa simu: Bénite ana kansa ya damu, yuko hospitalini peke yake, anamwita mama.

Kinshasa ilikuwa upande wa pili wa vita, kwa hiyo visa iliombwa Kampala. Kaswera alipanda lori na shemeji yake Abdias, mwalimu anayejua Kifaransa. Walipita Beni na Kasindi, wakishushwa kwenye kila kizuizi cha askari. Kifuani alificha hati za mashamba na barua ya daktari.

Ubalozini kijana mmoja aliyenyoa vizuri aliuliza: atarudi tarehe gani? Kwao Kaswera, anayekwenda kuuguza hataji siku ya kuondoka. Kuitaja ni kumhesabia mgonjwa siku zake.

"Nitarudi wakati mutoto atapona," akasema.

Abdias akatafsiri. Kijana akauliza, na kama hatapona? Aliuliza huku anachezea kalamu.

"Iyo neno hapana sema mbele ya muzazi," Kaswera akajibu.

Wiki mbili baadaye ikaja karatasi yenye muhuri wa kukataliwa: hakuna uhakika kwamba mwombaji atarudi kwao. Inachefua. Mwanamke mwenye mashamba mawili, wajukuu sita na kaburi la mume, eti atayaacha hayo yote akaoshe vyombo vya watu!

Nyumbani Abdias alimbembeleza. "Mama Bénite, sema tu tarehe. Batu ba bureau ya visa banataka tarehe, hapana roho yako."

"Na mutoto je?"

"Mutoto hatasikia."

Wakarudi Kampala. Safari hii Kaswera alisema siku ishirini, kisha akaomba ruhusa, akatoka nje na kusukutua kinywa kwenye bomba la bustani. Aliporudi, kijana alikuwa amefungua faili la kwanza. Mara ile mama huyu hakujua atarudi lini, leo anajua, basi maneno yake hayaaminiki. Akapiga muhuri uleule.

Njia nzima ya kurudi Kaswera hakula. Alikuwa amemhesabia mwanawe siku, tena bure, na kinywa chake mwenyewe kilimtia kinyaa.

Bénite alifariki siku ya kumi na saba baada ya mama yake kutaja zile ishirini. Hapo ndipo wenye mihuri wakapata huruma, na huruma yao ilinuka kuliko ukatili wao. Karatasi za kuvusha jeneza kutoka Ulaya, ambazo Abdias alidhani zitachukua mwezi, zilikuwa tayari kwa asubuhi moja. Kaswera akaitwa Kampala kuzichukua, akakuta kijana yuleyule, meza ileile. Kijana akasimama, akatoa pole.

Kaswera hakuipokea. "Muulize," akamwambia Abdias, "Bénite naye, wakati alienda kusoma, balimuuliza atarudi tarehe gani?"

Abdias akatafsiri, neno kwa neno. Kijana akamsogezea Kaswera kalamu, akamwonyesha kwa kidole mahali pa kutia sahihi, na pembeni yake, mahali pa kuandika tarehe.