Kompyuta ya Juliana na Sebule ya Baba Mkwe

Jumanne, 9 Julai 2024, Uyole, Mbeya. Ukungu ulilala juu ya mashamba ya viazi hadi saa nne, na upepo ulikuwa wa kukata masikio.

Asubuhi hiyo Mzee Bartholomeo alipokwenda bandani kukamua, mke wa mwanawe, Juliana, aliingia sebuleni na sanduku la kompyuta yake, akaketi sakafuni, akatoa bisibisi.

Juliana ni fundi simu, ana meza yake karibu na stendi. Mume wake, Yohane, yuko kiwandani Mgololo na hurudi mwisho wa mwezi. Kwa muda mrefu Juliana alikuwa akipanga kompyuta ya kuchezea gemu za mpira na za magari akitoka kazini, basi. Uwezo wake ulikuwa mdogo, kwa hiyo alichagua mashine ya mtumba iliyotoka ofisini, akaitafutia memori ya kuongeza, diski yenye kasi na kadi ya picha. Ombeni, muuza vipuri wa Kihesa kule Iringa, alimshawishi achukue kadi kubwa. Alikataa. Mashine za ofisi zina pawasapulai ndogo, kile kisanduku cha kugawa umeme ndani, na kadi kubwa ingeizima kila gemu likikolea. Alichukua kadi fupi isiyohitaji waya wake wa umeme. Vyote vilifika kwa basi Jumamosi.

Kilichobaki kilikuwa mahali. Chumbani kwake kuna taa tu. Soketi pekee ya nyumba ile iko sebuleni.

Nyumba nyingi za Wanyakyusa siku hizi zimelegeza mwiko wa mkwe. Ya Mzee Bartholomeo haijalegeza. Mke wa mwanawe hakai naye chumba kimoja, hamtazami usoni wala hasemezani naye. Aliyetangulia kuingia ndiye mwenye chumba, mwingine hupisha. Tangu Juliana aolewe, hiyo ilikuwa heshima. Tangu Jumamosi ikawa kufuli. Mzee, ambaye kwa kawaida hushinda shambani, alihamishia kiti chake mbele ya soketi na kuletewa chakula humohumo. Tena alitangaza kwamba sanduku lile likiendelea kuonekana kwake, Jumatano atalipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Yohane alipopigiwa simu alishauri uvumilivu.

Maneno yao yalipitia kwa mama mkwe, Mama Yohane, aliyesimama mlangoni katikati yao, ingawa kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri.

"Mwambie mkwe wako," mzee alisema Jumatatu jioni, "mwanamke mzima anacheza gemu. Kwao hawakumwonyesha jembe?"

"Mwambie baba jembe ninalijua. Juzi nililima, yeye akalinda kiti."

"Mwambie kiti ni changu na nyumba ni yangu."

"Mwambie akilinde sana, kisije kikamtoroka kama walivyomtoroka wapangaji wake."

Mama Yohane aliwatazama kwa zamu. "Mmeshasikiana," alisema, akarudi jikoni.

Basi Jumanne mzee alirudi na ndoo ya maziwa, akakuta mlango wa sebule uko wazi na mkwe wake yuko ndani, ameshafungua kasha na anachomeka kadi. Hakuweza kupita. Koti lake lilikuwa ndani, na redio, na chai. Alisimama barazani kwenye upepo. Majirani waliokwenda mashambani walimsalimu na kumuuliza mbona yuko nje na baridi hii. Aliwajibu kwamba anaangalia hali ya hewa. Alimwita mkewe apeleke ujumbe. Mama Yohane alijibu kutoka nyuma ya nyumba kwamba anaosha viazi, na viazi havina mdomo wa kumtuma mtu.

Mzee alivumilia mpaka ukungu ulipoanza kuinuka. Kisha akasogea mlangoni.

"Juliana. Toka humo."

Hakuwahi kulitamka jina hilo mbele yake. Majirani wawili walikuwa njiani, na wote wawili walisikia.

Juliana alikaza skrubu ya mwisho kabla ya kuinua uso na kumtazama.

"Umenisemesha, baba. Mwiko umeuvunja mwenyewe."

"Nimesema toka."

"Nimesikia. Ingia unywe chai, sasa hakuna kinachokuzuia."

Hakuingia. Alishinda kwa mdogo wake, akiwaeleza watu kwamba mwanawe ameoa mtu asiyelelewa. Juliana alimaliza kuunganisha nyaya, akaenda stendi akiwa amechelewa.

Jumatano alfajiri mzee alikuwa ameshakaa kitini, mbele ya soketi, na kompyuta ilikuwa bado pale, haijapelekwa popote. Juliana aliingia, hakupisha. Alimtazama usoni, akamwamkia kwa Kinyakyusa, "Ugonile, baba." Mzee alikigeuza kiti kikatazama ukuta. Juliana akainama nyuma ya kisogo chake, akachomeka waya, akacheza mechi nzima huku sauti ikiwa juu, kisha akafunga vipuri vyake vya kazi kwenye begi na kwenda kazini.