Mninga wa Baba Mdogo

Hata leo nikipita karibu na karakana ya seremala, nikasikia harufu ya mninga mbichi uliopasuliwa, mwili hunisisimka. Ninyi wa mjini mnaujua mninga kwa vitanda na milango. Mimi niliujua ungali unachuruzika utomvu, nao ni mwekundu kama damu, sitii chumvi.

Nilikuwa msichana mdogo kule Mgori, enzi za Mwingereza, vita vikubwa vimekwisha. Mtaliano mmoja, fundi mwashi aliyeletwa nchini akiwa mateka, alikuwa amebaki kujenga kanisa la misheni. Kiswahili chake kilikuwa cha kuvunja mawe, lakini kila nilipompelekea maziwa alinisimulia shairi la kale la kwao kuhusu jehanamu. Waliomwaga damu za watu, alisema, husimama ndani ya mto wa damu inayochemka, kila mmoja kina chake kwa kadiri ya ukatili wake. Waliojiua hugeuzwa miti. Ukiwavunja tawi, hutoka damu, na husema.

Nilikimbia nyumbani kumwambia bibi. Msinicheke. Baba mdogo Ntandu, kitinda mimba wake, alikuwa amejinyonga juzijuzi kwenye mninga wa ukingoni mwa msitu. Kwa desturi yetu mtu wa namna hiyo haliliwi, na mti wake hukatwa ukachomwa moto. Bibi hakuwa ametoa hata chozi. Aliniuliza jambo moja tu, kama kweli husema. Nikamjibu ndiyo, wakivunjwa.

Asubuhi wanaume walipokwenda na mashoka, bibi aliwafuata, nami nyuma yake. Shoka la kwanza liliingia, wekundu ukatiririka. Wazee wakamwamuru arudi, hakusikia la mtu. Aliweka kiganja kwenye lile jeraha, akauliza polepole, "Ntandu, mwanangu, nani alikuudhi?"

Upepo haukuwapo. Ndege walinyamaza. Ndani ya shina kitu kililia, mlio mrefu, mwembamba, na mpaka leo sijui ulikuwa wa nini. Niliogopa mno. Bibi akaitikia kwa kichwa.

"Haya, baba. Nimesikia."

Kisha akalia kwa sauti mbele ya wote. Wanaume waliondoka mmoja mmoja, na hakuna aliyerudi kuukata.

Utotoni niliamini nilikuwa nimemtia bibi hofu kwa lile shairi. Lakini uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nami nilielewa baada ya kuzika wangu. Yule mtunzi wa kale aliiweka ile miti iwe adhabu. Bibi aliipokea kama habari njema: mtoto aliyekatazwa kumlilia, bado angeweza kumuuliza.